Wa Tano Hajakauka

Machi 4

Mvua imeanza leo, mapema kuliko nilivyoomba. Nilikuwa na udongo mpaka viwikoni, Mama akaingia kibandani kuanua nguo zake, akainua uso kulisikiliza bati, akasema, "Haya, mvua yako hiyo." Utadhani mimi ndiye niliyeiagiza.

Nguo zake huwa anazianika kwenye vichwa vya watu wangu. Leo Msinziaji alivaa shimizi.

Daftari la zamani liliingia maji, kwa hiyo nianze upya kama vile sijijui. Watu wangu ni wanne, wa udongo uliochomwa, wakubwa kama watu wa kweli, wameketi kwenye benchi moja refu la mbao wakisubiri kuitwa. Yupo Mwenye Kofia, yupo Mjamzito, yupo Msinziaji, na yupo kijana mmoja anayejitia hamnazo ili asimpishe mtu. Niliwaona siku tuliyompeleka Baba hospitali, tukakaa nao koridoni tangu asubuhi. Jina la Baba lilipoitwa, hakuwepo tena wa kuitika.

Wa tano ni Mama. Alikaa mwisho wa benchi amepakata viatu vya Baba, maana miguu ilikuwa imemvimba havimwingii. Huyo wa tano ndiye anayenishinda. Mara ya kwanza alipasuka motoni. Mara ya pili shingo ilikatika akiwa mbichi. Mara ya tatu akapasuka tena. Nimeota mvi nikihangaika naye. Mume niliyekuwa naye alisema nimeolewa na matope, akafunga virago, na kusema kweli sikumfuata, kwa sababu siku hiyo nilikuwa namalizia uso wa Mjamzito na udongo ulikuwa umefika mahali pake.

Mama hajui kwamba wa tano ni yeye. Kwake wote ni "madude".

Machi 7

Tajiri ametuita sote leo karakanani, tunakomfinyangia vyungu. Ni mtu mwema, ndiyo maana inaniuma zaidi. Alisimama katikati ya vyungu vya maua, mikono mfukoni, akasema wateja siku hizi wanataka vyungu vya plastiki, havivunjiki na havina uzito, na tanuri linakula kuni kama halina akili. Ataliwasha mara moja ya mwisho kumaliza oda zilizobaki, Mei ishirini, halafu atalivunja ajenge ghala.

Nilibaki nyuma wengine walipotoka. Nikamuuliza, "Na ile kona yangu ya tanuri?"

"Kona yako ipo, mwanangu. Lete dude lako tulichome. Ila baada ya hapo, mimi sina tanuri tena."

Hata yeye anasema dude.

Machi 8

Mvua. Vyungu. Mvua.

Machi 12

Nimekwenda kwa Bibi wa Ukumbi, yule anayesimamia maonyesho. Kila nilipokwenda miaka hii yote alinipa chai na neno moja: mwakani. Leo alifuatana nami mpaka kibandani, akafunika viatu vyake kwa mfuko, akawazunguka watu wangu wanne. Akakaa mwisho wa benchi, penye nafasi.

"Hapa anakaa nani?" akauliza.

Nikamwambia.

"Akikamilika, ukumbi wa mbele ni wako, mwezi wa sita. Bila yeye sitaki. Bila yeye ni watu wamekaa tu."

Nimechukia kwamba amesema kweli. Nimefurahi mpaka nimeogopa.

Machi 19

Namfinyanga kwa mara ya nne. Leo nimefanya mikono. Kidole gumba cha Mama cha kulia kimepinda tangu zamani, cherehani kilimchoma mfupa ukapona vibaya. Namtazama akichambua mchele, naenda kibandani mbio kabla sijasahau, narudi kutazama tena. Leo aliniuliza kama nina homa.

Mdogo wangu amepita mchana na mumewe. Wana duka la misumari na rangi, wananitaka kaunta. Aliongea kwa sauti ya chini, kama watu wanavyoongea na mgonjwa. "Dada, umeshajaribu vya kutosha. Hakuna atakayekulaumu." Nikamwambia nitafikiri. Sitafikiri.

Machi 27

Amekamilika. Sithubutu kuandika kwamba ni mzuri. Mabega yamekaa sawa. Viatu vimelala mapajani kama vitu vilivyochoka. Mapaja na viatu vimetoka vinene kuliko nilivyotaka, ila nikivikata navipoteza.

Sasa ni kukauka. Lazima akauke polepole, kwa hewa, mpaka ndani kabisa. Udongo ukiingia motoni na maji tumboni, maji yale yanageuka mvuke, na mvuke hautafuti mlango, unautengeneza. Mchomaji wetu, ambaye sote tunamwita Moshi, alinifundisha kupima zamani sana nikiwa msichana. Aliniambia kidole kisitumike, maana vidole vya wafinyanzi vimeshakufa ganzi. Unaweka shavu. Ukisikia baridi, maji bado yamo.

Nimeweka shavu langu kwenye shavu lake. Baridi.

Aprili 2

Baridi.

Aprili 6

Baridi. Ukuta wa kibanda una ukungu. Hata mkate umeota manyoya kabatini.

Aprili 11

Nimeng'oa ubao wa nyuma ili upepo upite. Upepo umepita na mvua yake. Nimeurudisha. Baridi.

Aprili 15

Nimerudi kazini nikamkuta Mama kibandani amesimama mbele ya wa tano, mkono wake juu ya mkono wa udongo. Nikaona kucha yake imeacha alama. Nikapiga kelele.

"Usimguse, Mama! Mara ngapi nimekwambia?"

"Nilikuwa naangalia tu."

"Hii si kazi ya kuangalia angalia. Wewe huielewi, hujawahi kuielewa. Anika nguo zako kule, huyu niachie."

Aliondoa mkono taratibu. Kwa kawaida Mama hana neno linalompita bila kulijibu, lakini leo alianua nguo zake akaingia ndani. Sikuomba radhi. Nilirekebisha ile alama ya kucha, nikajiambia kesho.

Aprili 16

Sikusema.

Aprili 20

Baridi. Nakwenda kazini nimelowa, narudi nimelowa. Nalala nikisikiliza bati. Nimeanza kuichukia mvua kama mtu, kama mtu mwenye sura na jina, anayenijua na kunikomoa.

Aprili 22

Tajiri amesogeza siku. Aliyenunua kuni zilizobaki anazitaka mapema, mafundi wa ghala nao wameshapatikana. Uchomaji ni Mei tisa. Nilimwomba. Sijawahi kumwomba mtu hivyo, hata yule mume. Aliangalia chini akasema, "Mwanangu, nimeshakubaliana na watu."

Moshi alinifuata nje. Amefanya kazi kwenye tanuri hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi na yeye pia anaondoka nalo, lakini aliniuliza habari za wa tano kwanza. Nikamwambia bado baridi.

"Basi omba jua," akasema.

Nikamwambia nimeomba mpaka naona aibu.

Aprili 25

Mkaa wa mwezi umekwisha na mwezi haujaisha. Nimemgombeza Mama kwamba anachemsha maji ya nini siku nzima. Akasema anasikia baridi mifupani. Ananuka moshi mpaka kwenye kilemba. Nimemwambia asikae juu ya jiko, kifua chake si kizuri.

Siku hizi kila nikitoka ananiuliza nitarudi saa ngapi. Ameanza kuzeeka, nadhani. Inanitia huruma na inaniudhi kwa pamoja.

Aprili 28

Nimeweka shavu. Sijui. Labda si baridi sana. Labda shavu langu ndilo la baridi.

Aprili 30

Si baridi. Si baridi. Niliweka shavu usoni, kifuani, mgongoni, mapajani, pote pana uvuguvugu kama ukuta uliopigwa na jua. Nilikaa chini nikalia kwa sauti. Mama alikuja mlangoni akauliza kuna nini, nikamwambia, "Amekauka, Mama." Akacheka kama msichana, akafunika mdomo. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona anafurahia jambo langu. Nadhani amefurahi kwa sababu mimi nimeacha kununa.

Ni ule ubao. Niliufungua tena juzi, mvua ilipogeuka upande. Upepo umefanya kazi yake.

Mei 3

Moshi amekuja jioni kumwona. Alivua kofia kama ameingia msibani, akaweka shavu lake, akasikiliza. Akaenda mapajani, akakaa huko muda.

"Amekauka," akasema. "Sielewi kwa mvua hii, lakini shavu linasema amekauka. Ila hapa panene pananitia wasiwasi. Ningekuwa na wiki moja zaidi ningempa."

"Hatuna wiki moja zaidi."

"Najua hatuna."

Mei 8

Tumempeleka. Mvuta mkokoteni alikuja na turubai, nami nikaleta magunia, Mama akasema magunia yatamkwaruza, akatoa blanketi lake mwenyewe, lile zuri, akamfunga kichwa na mabega kama anayefunga mtoto. "Nendeni polepole kwenye mashimo," akamwambia mvuta mkokoteni, na alirudia mpaka tukakata kona.

Tanuri letu ni kubwa, mtu anaingia akiinama. Moshi alimpokea yeye mwenyewe, akampangia vyungu vikubwa mbele ili moto usimvamie.

Mei 9

Moshi aliwasha moto mdogo asubuhi, wa kupasha tu. Alichochea kama anayelisha mtoto mgonjwa, kijiti kimoja, anasubiri, kijiti kingine. Wafanyakazi wote walikuja kukaa, maana ni mara ya mwisho, wakataniana kwamba Moshi akistaafu itabidi mkewe amvukize ndipo apate usingizi. Mimi nilicheka pia. Nilikuwa nimekaa kwenye tofali karibu na ukuta wa tanuri, mgongo wangu umeuegemea ili nisikie.

Wageni hudhani udongo ukipasuka unatoa mshindo. Hautoi. Ni kama mtu amekohoa ndani ya pipa. Nilikisikia kikohozi hicho mchana, kwenye mgongo wangu kabla ya masikioni.

"Chungu hicho," akasema mmoja.

Moshi hakunitazama. Alishika kijiti mkononi bila kukitia. Halafu kikaja cha pili, na vigae vikasikika vikimwagika ndani, vikitelemka juu ya vyungu. Nilijua. Namjua uzito wake, nimembeba mara nne.

Nikamwambia Moshi aongeze moto. Oda za watu zilikuwa humo na hakukuwa na sababu ya kuchelewa tena.

Mei 12

Tumefungua.

Kichwa kilikuwa vipande vitatu. Mikono sikuiona kabisa, imekuwa kokoto. Vyungu vya mbele vimevunjika pia, Tajiri akavisogeza kwa mguu, akanishika bega akatoka. Katika majivu nikapata kiatu kimoja, kizima, hata kamba zake. Cha kushoto.

Moshi alikuwa amechuchumaa akipanga vipande vya mapaja, anavigeuza, anaviangalia ubavuni. Akasema polepole, "Huyu hakukaushwa na upepo. Ngozi ilikauka mbio ikajifunga, nyama ikabaki mbichi. Nani alimwekea moto?"

"Hakuna."

"Kuna. Shavu lilisikia joto la jiko, halikusikia ukavu. Limenidanganya mimi na wewe. Alikuwa amepashwa."

Nilikuwa bado nimekishika kile kiatu. Nikakumbuka mkaa. Nikakumbuka kilemba kinachonuka moshi, na utarudi saa ngapi.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa jikoni anakata vitunguu. Sikuvua viatu. Nikamuuliza, "Ulimwekea jiko?"

Aliona uso wangu akaweka kisu chini. "Amepasuka?"

"Ulimwekea jiko, Mama?"

"Kila ukitoka. Nalitoa kabla hujarudi, usije ukanigombeza. Dogo tu, nikilizungusha upande huu na upande huu. Nilitaka nikusaidie." Akajifuta mikono kwenye gauni. "Nilimwona ana mikono yangu. Siku ile uliyonifukuza. Nikaona na viatu vya baba yako. Nikasema, huyu ni mimi, amekaa peke yake kwenye unyevu, anasikia baridi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipa nafasi ya kusema lini?"

Nilitaka kumpiga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mkono ulikuwa mzito na ulitaka. Nikatoka nikaenda mpaka mwisho wa barabara, penye maji yanayopita juu ya daraja, nikasimama hapo mpaka watu wakaanza kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Mei 14

Hatusemeshani. Anaweka chakula mlangoni, nakila kikishapoa.

Mei 17

Bibi wa Ukumbi alisikiliza mpaka mwisho. Alinimiminia chai. Akasema kuna mchoraji ambaye picha zake zitaujaza ukumbi wa mbele, na kwamba yeye anasikitika, na niliona kweli anasikitika.

"Mwakani," akasema.

"Mwakani kwa tanuri gani?" nikamuuliza. Akaniongezea chai.

Mei 18

Wanavunja tanuri. Moshi aliomba matofali, akaambiwa yameshauzwa kwa mtu anayejenga ukuta wa nyumba yake. Moshi alikaa kwenye lile tofali langu akitazama nyundo. Nilipika chai tukanywa. Aliniambia ng'ambo ya mto kuna watu wanaochoma matofali ya kujengea, ila yeye hawafahamu na hana hakika kama watakubali dude. Akajirekebisha. "Kama watakubali mtu," akasema.

Sina nguvu za kwenda kuwaomba watu ng'ambo ya mto. Nimeishiwa. Nilikuwa nikidhani kukata tamaa ni kama kuanguka, kumbe ni kukaa tu, kama hapa nilipokaa, na kuona hakuna sababu ya kuinuka.

Mei 21

Nimemwambia mdogo wangu nitakuja dukani Jumatatu. Alifurahi mpaka akalia. Nikamwambia pia mvuta mkokoteni aje awachukue wale wanne. Kuna shimo kubwa barabarani mbele ya karakana, wavunjwe walijaze, angalau magari yapite.

Mei 23

Mvuta mkokoteni alikuja asubuhi na nyundo na mwenzake. Nikawaelekeza kibandani, nikabaki jikoni kwa sababu sikutaka kuona. Nikangoja mlio wa kwanza. Haukuja. Baadaye mvuta mkokoteni akarudi, anakuna shingo.

"Dada, niliambiwa niwachukue wanne. Sikuambiwa kuna wa tano anayesema."

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, mwisho, ndipo palipokuwa na nafasi. Amepakata kile kiatu kimoja. Sijui alikitoa lini chini ya kitanda changu.

"Mwambie mwenye madude," akamwambia mvuta mkokoteni, bila kunitazama, "atanitoa mimi kwanza."

"Mama, inuka."

"Niliketi hapa siku nzima na baba yako, hakuna aliyeniinua. Leo ndiyo utaniinua wewe?"

Vidole vyake vilikuwa vimekishika kile kiatu vile vile nilivyovifinyanga mara nne, isipokuwa kidole gumba, ambacho mimi nilikikosea mahali. Nilikuwa nimekiweka juu ya kamba. Yeye hukiingiza ndani ya kiatu, kama anayepima kama bado kina joto la mguu. Miaka yote hii sikukiona, kwa sababu sikumwomba hata siku moja akae nimtazame.

Nikamwambia mvuta mkokoteni aende. Akauliza na usumbufu wake je. Mama akamwambia akapate chai jikoni, na vitunguu vimeshakatwa, amalizie kupika.

Mei 24

Nimemwomba radhi. Kwa yale ya Aprili, na kwa ya kabla yake. Alisema, "Haya," akaendelea kufua.

Mei 29

Nimeanza dukani. Nauza misumari. Mdogo wangu ananisifu mbele ya wateja kama mtoto aliyejifunza kufunga kamba.

Juni 3

Jua. Jua tupu, tangu asubuhi, kila kitu kinakauka, matope, nguo, kuta, na mimi sina kitu cha kukausha. Nililitukana kimoyomoyo njia nzima ya kwenda dukani.

Niliporudi nikamkuta Mama uani, magoti chini, ndoo ya udongo mbele yake. Alikuwa ameuchota mwenyewe kule kwenye bonde nyuma ya nyumba, umejaa mizizi na kokoto, haufai hata kwa kifuniko cha chungu. Alikuwa anauchambua kama anavyochambua mchele.

Nikamwambia, "Mama, tanuri hakuna. Wale wa ng'ambo ya mto hata sijawaona. Na wakikubali, anaweza kupasuka tena."

"Najua."

"Basi unachota wa nini?"

"Kukaa bure nimechoka." Akatoa mzizi, akautupa. "Halafu nionyeshe hiyo habari ya shavu. Umewafundisha watu wote isipokuwa mimi."

Sina matumaini. Niandike wazi asije mtu akasoma hapa akadhani nimeyapata. Nilichuchumaa tu, kwa sababu alikuwa anauchambua vibaya na nilishindwa kuvumilia. Tuliukanda pamoja mpaka ukakubali, nikakata donge, nikaliviringisha, nikamwekea shavuni. Alifumba macho.

"Unasikiaje?"

"Baridi," akasema.

"Basi bado."